Mabuu wa Mtaa wa Kilima

Kabla sijafungua mdomo naomba ieleweke kwamba nchi ninayoisimulia siyo hiyo unayoifikiria. Na kama hukuwa unafikiria nchi yoyote, vizuri, kaa hivyo hivyo. Jina lake ninalijua, nimezaliwa humo, lakini kulitaja kwenye maandishi kunahitaji kibali cha kurasa nne, na afisa anayegonga muhuri wa kibali hicho yuko likizo tangu mwaka juzi.

Mimi ni karani wa Idara ya Wasiwasi wa Taifa. Najua nchi nyingine zina idara za maji, za barabara, za mifugo. Na sisi tunazo, ila ziko chini ya Wasiwasi, maana huwezi kumpa mtu maji kabla hujajua anataka kuyafanyia nini. Kazi yangu ni kushuku. Siyo kazi ya kubabaisha. Jirani akianika shuka mbili badala ya moja, unaandika. Mtu akinunua kiberiti wakati cha jana hakijaisha, unaandika. Hata kusalimiana tuna utaratibu. Ukiambiwa "Habari?", jibu sahihi ni "Habari zipi, na nani kakutuma uziulize?" Wageni wanatuona hatuna adabu. Sisi tunawaona wao hawako makini.

Mwaka ninaousema ulikuwa Mwaka wa Mlo Mmoja. Mtukufu Kiongozi alitangaza mwenyewe redioni, sauti inamkwama kwa huzuni, kwamba maghala ya taifa yamepungua, na kuanzia siku ile kila raia, mkubwa kwa mdogo, atakula mara moja kwa siku, bakuli moja la uji. Akasema yeye atakuwa wa kwanza kufunga. Ofisini tulilia wote, tulipewa dakika tano za kulia. Mke wangu, Mama Tunu, hakulia. Aliuliza tu uji wenyewe una sukari au hauna, nikamwambia maswali ya namna hiyo ndiyo yanayonitia mashakani kazini.

Mji wetu una mitaa mingi, lakini kwa hadithi hii miwili inatosha. Sisi makarani na wapagazi tunakaa Mtaa wa Majani, bondeni. Wakubwa wanakaa Mtaa wa Kilima, juu, kwenye upepo. Miezi miwili baada ya tangazo, upepo wa Kilima ulianza kutuletea harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Idara ikatoa tamko siku hiyo hiyo: harufu hiyo ni uvumi, na yeyote atakayeinusa atahesabiwa kuwa anaueneza. Tukawa tunapita chini ya Kilima tumeziba pua, kwa uzalendo.

*

Sasa katika mwaka huo huo akaja Bi Siwatu na mabuu wake.

Bi Siwatu alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, aliyepika kwenye bweni la shule ya wasichana kwa miaka ishirini na miwili. Jalala la mji lilikuwa limefurika mpaka barabarani. Yeye akaja Idarani akaomba banda bovu lililo nyuma ya soko. Akaeleza kwamba kuna nzi mmoja mweusi, mwembamba, siyo huyu msumbufu wa jikoni. Nzi huyo hutaga mayai, mayai hutoa mabuu, na mabuu hula kila kinachooza: maganda, makombo, mboga zilizochacha. Wiki mbili tu, taka zimekwisha, umebaki na mbolea nyeusi inayonukia udongo. Mabuu wenyewe wakishanenepa unawalisha kuku.

Mkurugenzi Mkuu wetu, Mheshimiwa Dokta Kanali Lukindo, alimsikiliza huku amefumba jicho moja. Ndivyo anavyosikiliza. Lile jingine huwa linamtazama aliye nyuma yako.

"Wanakula taka zetu," akasema.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na hawadai chochote."

"Hawadai."

"Basi wana jambo lao," akasema Mheshimiwa, akafungua faili.

Ikatafutwa sheria. Ikaonekana kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Mikusanyiko, viumbe zaidi ya watano hawakai pamoja bila usajili. Bi Siwatu akasema kwa unyenyekevu kwamba kwenye kreti moja tu mabuu hufika elfu kumi. Mheshimiwa akaomba maji ya kunywa. Aliuliza elfu kumi hao hukutana mara ngapi kwa wiki, akajibiwa hawaachani.

Kwa hiyo mabuu wakasajiliwa kama kikundi. Palitakiwa jina, madhumuni, katiba, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, pamoja na picha ndogo mbili za kila kiongozi, nyuma pawe na rangi ya bluu. Bi Siwatu alitia mkono kwenye kreti akatoa watatu, akawaweka kwenye sahani ya bluu. "Huyu mnene ndiye mwenyekiti," akasema. Mpiga picha alihangaika nao saa nzima, maana masikio lazima yaonekane. Mwenyekiti aliliwa na kuku mchana ule ule kabla hajahutubia, na faili la kifo chake halijafungwa mpaka leo. Kuku alihojiwa.

*

Nikapangiwa kazi bandani. Nilipewa kiti, daftari na kalamu mbili, na maagizo ya mdomo: kaa pale, hakikisha hakuna kinachotokea.

Nitasema ukweli, siku za mwanzo niliwaogopa mabuu wale. Elfu kumi wanasogea pamoja, hawasemi, na ukiinama karibu unasikia sauti ya kula, kama mvua nyepesi juu ya majani ya mgomba. Watu wanaokula bila kuzungumza siku zote wamekuwa wakinitia wasiwasi. Bi Siwatu aliona nilivyokaa ukingoni mwa kiti, akanicheka.

"Mwanangu, sogea, hawana meno ya kukuuma."

"Shikamoo, Bi Siwatu. Sijasema ninaogopa."

"Marahaba. Sijasema umesema."

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Kijiko kimoja cha mabuu wachanga kwenye kila kreti, taka juu, na baada ya siku kumi na nne anawachekecha, anawatundika kwenye mizani ya ndoana. Kila mtaa ulikuwa na kreti zake. Hilo siyo yeye aliyelitaka. Idara yangu ndiyo iliyopiga marufuku kuchanganya taka za mitaa tofauti, kwa hofu kwamba wabaya wangeweza kupelekeana barua ndani ya maganda ya ndizi. Nilikiandika mimi mwenyewe kifungu hicho, kwa mwandiko wangu, na nilisifiwa.

Siku moja Mheshimiwa Lukindo alikuja kukagua. Alizunguka kreti zote akinusa, mwishoni akamuuliza Bi Siwatu kama mabuu wanaweza kufundishwa kusema uongo.

"Buu hajui kudanganya, mheshimiwa," akasema Bi Siwatu. "Ukimpa kingi anatoka mnene. Ukimnyima anatoka mwembamba. Basi."

Hilo neno likamkaa Mheshimiwa kichwani. Uvumi wa vitunguu ulikuwa unamnyima usingizi, na watu wa kuukanusha walikuwa wamekwisha: anayekanusha ana ndugu, ana kabila, ana njaa yake. Lakini buu hana shemeji serikalini. Jioni ile redio ikatangaza kwamba Siku ya Usawa, uwanjani, mbele ya Mtukufu Kiongozi, mabalozi na wananchi wote, mabuu wa Mtaa wa Kilima na mabuu wa Mtaa wa Majani watapimwa kwenye mizani moja. Uzito utakuwa sawa, taifa litajua kwamba mapipa ya taka ni sawa, na kwa hiyo vyungu ni sawa. Mtukufu akarekodi kabisa hotuba ya kuwashukuru mabuu kwa ushahidi wao.

Kesho yake tukapima kwa mara ya kwanza.

Kreti ya Majani: kilo mbili. Kreti ya Kilima: kilo tisa na robo.

Bi Siwatu aliitazama ndoana, akanitazama mimi. Akapima tena. Akagonga mizani kwa kiganja, akapima mara ya tatu. Mabuu wa Kilima walikuwa wanang'aa. Wa kwetu walikuwa kama punje za mchele.

"Karani," akasema taratibu, "hili utaliandika?"

Mimi wakati ule nilikuwa mtumishi mwema na mjinga. Niliamini moja kwa moja kwamba adui amepandikiza mabuu wa kigeni Kilima ili kuwaaibisha viongozi wetu wanaofunga. Nikaandika taarifa kwa wino mwekundu, nikakimbia nayo Idarani.

*

Mheshimiwa aliisoma taarifa yangu amesimama. Akafunga dirisha, akafunga pazia, halafu akachungulia nyuma ya pazia alilolifunga mwenyewe.

"Labda ni nyumba moja," akasema. "Labda Kilima yupo mtu mmoja, mgonjwa, mwenye cheti cha daktari kinachomruhusu kula mara nne. Mtu kama huyo anaweza kuwepo, Karani. Na pengine ni mtu mzuri tu."

"Nilimuuliza Bi Siwatu, mheshimiwa. Anasema nyumba moja haiwezi kutoa kilo tisa hata wakimwaga chungu kizima kila siku. Kwa unene ule, anasema, ni nyumba zote."

"Zote?"

"Zote, mheshimiwa."

Hapo nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona katika miaka kumi na moja ya utumishi. Mheshimiwa aliumia. Alikaa chini. "Waziri wa Chakula," akasema, "juzi tu kanishika mkono, akaniambia njaa inamkata tumbo. Nikamwonea huruma. Nilikwenda nyumbani nikala huku moyo unaniuma." Akaitazama tena taarifa yangu. "Na yeye ametoka pale akaenda kula?"

Ndipo nilipoelewa Kilima walivyokuwa wanaishi. Kila mkubwa alikuwa na mapazia mazito na cheti cha daktari, na kila mmoja aliamini kwa dhati kwamba wenzake wanafunga na yeye peke yake ndiye aliyeshindwa. Walikuwa wanaficha makombo hata wao kwa wao. Kila kilichobaki mezani kilifungwa kwenye karatasi safi, tabaka tatu, kikafungwa kwa uzi, kikatupwa kama kifurushi cha posta.

Nikamshauri Mheshimiwa kwa sauti ya chini kwamba pengine upimaji uahirishwe. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Kwetu jambo likishatangazwa limeshatokea, kinachobaki ni kulisubiri. Hotuba ya shukrani ilikuwa tayari kwenye kanda. Akamwita Bi Siwatu, akamwambia zimebaki siku kumi na tano, mzunguko mmoja wa mabuu. Siku ya Usawa mabuu wakiwa sawa, atapewa nishani. Wasipokuwa sawa, yeye ndiye aliyewalea vibaya, na atapelekwa Mapumzikoni.

Mapumzikoni ni jengo la rangi ya krimu lililo nje ya mji, lenye bustani nzuri mbele. Sijawahi kumwona mtu aliyetoka huko amepumzika. Kusema kweli sijawahi kumwona mtu aliyetoka.

Bi Siwatu akasema, "Nimesikia, mheshimiwa," akarudi bandani kumwagilia kreti zake.

*

Mheshimiwa alianza na njia ya ushawishi. Alikuja bandani na kipaza sauti akawahutubia mabuu. "Ndugu mabuu," alisema, "taifa linawatazama. Wale mlionenepa, jiulizeni mnamnenepea nani. Na wale mliokonda, acheni mara moja tabia hiyo ya kukonda hadharani, ni uchochezi." Aliongea saa moja na robo. Mabuu hawakupiga makofi, na hilo likaandikwa.

Njia ya pili ndiyo iliyoleta mambo. Mheshimiwa aliniita akaniambia kwamba kuanzia kesho, alfajiri, malori yatabeba taka za Kilima na kuzimwaga kwenye mapipa ya Majani, na maganda ya Majani yatapandishwa Kilima. Kifungu changu cha kutochanganya taka kiliahirishwa kwa siku kumi na nne. Mabuu wa Majani watanenepa, wa Kilima watakonda, watakutana katikati.

"Mheshimiwa," nikasema, "huko siyo kugawa chakula?"

Akanitazama kwa huruma. "Chakula hakipo, Karani. Kisichokuwepo hakigawiwi. Tunahamisha taka."

Siku ya tatu nilirudi nyumbani saa kumi alasiri. Nilifungua mlango nikashtuka, maana nyumba ilikuwa kimya. Nina mabinti watatu, na mwaka ule nilikuwa nimezoea kupokelewa na swali moja tu: baba, umeleta nini. Siku hiyo walikuwa wameegemea ukuta, miguu wameinyoosha, macho mazito. Mkubwa wao, Tunu, alikuwa amelala na kipande cha mfupa mkononi.

Mama Tunu akafunua sahani. Pilau. Mchele umechambuka, viazi, na paja zima la kuku juu yake.

"Mama Tunu, hiki ni nini?"

"Taka," akasema. "Za serikali. Kula, Baba Tunu, kabla hujaanza kuandika."

Nilikaa na sahani ile mapajani kwa muda mrefu. Nilijua imetoka wapi. Nilijua pia ni ya nani: ya mabuu, na nyuma ya mabuu yuko Bi Siwatu. Halafu nikala. Nililia huku ninatafuna, siyo kwa dakika tano za ofisi, nililia kwa sababu nilikuwa nimesahau chumvi ina ladha gani.

Baadaye nikaambiwa mtaa mzima ulikuwa na utaratibu wake. Lori likishaondoka, kina mama wanapanga foleni kwenye pipa, wenye watoto wachanga mbele, kisha wazee, na kila mmoja anachukua vifurushi viwili, asivifungue pale pale. Hakuna aliyesukumana. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa naandika kwamba watu wa Majani hawawezi kujipanga bila kusimamiwa.

Bandani, Bi Siwatu alipokea kutoka kwenye mapipa ya Majani karatasi na mifupa. Karatasi zilikunjwa vizuri. Mifupa ilikuwa myeupe. Aliokota mmoja akaugeuza geuza kwenye mwanga.

"Mbwa hutafuna mfupa," akasema. "Huu umelambwa na mtu." Akaninyooshea niuone. "Watoto wako wamekula, mwanangu?"

Nikafungua daftari. Kazi yangu imenifundisha kunyamaza.

"Nakuuliza wewe. Idara sijaiuliza."

"Wamekula, Bi Siwatu."

"Vizuri," akasema, akautupa mfupa kwenye kreti.

Nikamwambia anajua maana yake. Mabuu wa Majani walikuwa wamepungua kuliko mwanzo, kilo mbili hawafiki. Siku zilikuwa zinakwisha. Nikamwambia kwamba Mheshimiwa ameshatilia shaka, ameniagiza niweke mlinzi kwenye kila pipa na niandike jina la kila anayesogea, na kwamba nikifanya hivyo, kwa siku saba zilizobaki, pengine mabuu wangenenepa na yeye angepona.

"Najua," akasema.

"Basi nifanye nini?"

"Usiweke mlinzi." Alikuwa anachekecha mbolea, hakuacha. "Nimepika bwenini miaka ishirini na miwili. Ninajua mtoto mwenye njaa anavyolala na aliyeshiba anavyolala. Mimi huko Mapumzikoni sijui watanifanya nini, na ninaogopa, nisikufiche, usiku silali. Lakini waache wale."

Nikaenda Idarani nikaandika kwamba mapipa ya Majani yanafukuliwa na mbwa. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwenye karatasi ya serikali. Nilijisikia mrefu njia nzima.

"Mbwa wa mtaa gani?" akauliza Mheshimiwa.

"Hawana mtaa, mheshimiwa."

"Hao ndio wabaya zaidi," akasema, akaandika.

*

Siku ya Usawa uwanja ulijaa, kwa kuwa kutokuja kulikuwa na fomu yake. Mtukufu Kiongozi alikaa chini ya mwavuli, mabalozi wakakaa pembeni wakipepewa. Mizani kubwa yenye uso kama saa ya ukutani ilisimamishwa katikati. Bi Siwatu alivaa gauni lake la kitenge la sherehe, akasimama kando ya kreti mbili na mikono nyuma. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake, niliona vidole vyake vimekamatana.

Kreti ya Kilima ikapandishwa. Yale maganda yetu hayakuwakondesha hata kidogo, maana Kilima waliendelea kula na kumwaga kati ya lori na lori. Mshale ukaenda mpaka kilo nane na nusu. Ikapandishwa kreti ya Majani. Mshale ulisogea kidogo, ukasita, ukarudi kwenye moja na nusu. Uwanja mzima uliona.

Mheshimiwa Lukindo alisogea kwa hatua za gwaride, akachomoa bendera ndogo kwenye meza ya Mtukufu, akaitandika juu ya uso wa mizani. "Kwa heshima ya taifa," akasema kwenye kipaza sauti, "mizani itasomwa ikiwa imefunikwa." Akainama, akachungulia chini ya bendera, akasimama wima. "Sawasawa. Mabuu wa Kilima na mabuu wa Majani ni sawasawa, gramu kwa gramu."

Nikamtazama Bi Siwatu. Vidole vyake vilikuwa vimeachiana. Akanitupia jicho mara moja, na mimi nikamtabasamia. Nilidhani yamekwisha. Nawaambia kweli, nilidhani tumepona wote, kwa uongo wa serikali, bila gharama yoyote.

Ikaja zamu ya makofi.

Hapa inabidi nieleze. Mwaka ule wote makofi ya wananchi yalikuwa dhaifu, mtu wa bakuli moja la uji hana mikono ya kupiga makofi. Idara ilikuwa inafunga spika nne na kanda ya makofi ya mwaka wa mavuno. Siku hiyo fundi alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe. Hakuwahi kukibonyeza. Upande wa Majani ulilipuka. Kina mama walisimama, wazee wakasimama, watoto wakapanda mabegani. Walikuwa wanampigia makofi Bi Siwatu, maana walikuwa wanamjua na waliogopa atapelekwa Mapumzikoni, na siku kumi na mbili za pilau zilikuwa mikononi mwao. Yalipigwa mpaka mwavuli wa Mtukufu ukatikisika. Mabalozi walifurahi sana.

Mheshimiwa Lukindo hakufurahi. Alifumba jicho moja. Lile jingine lilitembea taratibu kwenye safu za Majani, likitazama mashavu.

"Karani," akasema bila kugeuka. "Hao mbwa wako wanajua kupiga makofi."

Nikaitazama bendera juu ya mizani.

"Sitaki mtaa mzima," akasema. "Mtaa mzima hauingii kwenye gari. Nataka jina moja. Mtu mmoja aliyejua akanyamaza." Makofi yalikuwa bado yanaendelea, ilibidi anisogelee sikioni. "Wewe unakaa Majani, sivyo?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Una mke."

"Ninaye."

"Na mabinti watatu. Wamenenepa?"

Nikasema Bi Siwatu.

Naomba ieleweke kwamba sikusema uongo. Alijua, na alinyamaza. Kila neno nililosema lilikuwa kweli, na angeulizwa mwenyewe angekubali. Nimejieleza hivi mara nyingi. Ninapofika mwisho huwa naona aibu ile ile.

*

Walimchukua kesho yake saa nne asubuhi. Hakuuliza nani kasema. Alinipa ufunguo wa banda, akaniambia kreti za dirishani zisipigwe na jua la mchana, na maganda ya ndimu niyatoe, mabuu hawayataki. Akajifunga khanga vizuri, akapanda gari.

Nimepandishwa cheo. Sasa ni Msimamizi Mkuu wa Mabuu wa Taifa. Mabuu wa mitaa yote wana uzito mmoja, kilo tano na robo, kila baada ya wiki mbili, na hilo linasomwa redioni. Mizani niliitia stoo, ilikuwa inawatia watu mawazo. Malori ya alfajiri yalisimama siku ile ile, mapipa ya Majani yamerudia maganda ya muhogo.

Jioni ya siku aliyochukuliwa, Mama Tunu alikuwa anakoroga uji uani. Hakuinua kichwa.

"Bi Siwatu kachukuliwa na nani?"

"Idara."

"Idara ilijuaje?"

Nikainama kuvua viatu, akaendelea kukoroga. Ulipoiva alinitengea bakuli langu mezani, ndani, na kijiko na kitambaa, kama mgeni. Bakuli zingine akazibeba nje, akakaa na watoto na majirani kwenye mkeka. Huu ni mwezi wa saba. Hajanisema, hajaninunia, nguo zangu zinafuliwa.

Jana nilichukua bakuli langu nikatoka nalo uani. Nikawaambia karibuni, nikakaa. Wakasogea kunipisha, mke wangu, watoto, jirani, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, mpaka mkeka wote ukawa wangu peke yangu.